Wateja Wasiosema Asante

“Miaka kumi na saba,” shemeji yangu alisema huku akigonga meza kwa kijiko, “na hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuniambia asante.”

“Siku mmoja wao akikuambia, utatoka humo ndani mbio na viatu mkononi,” mdogo wangu akamjibu.

“Mnaniona nacheka?”

Yeye hakucheka. Aliyekuwa anahangaika ni mimi, maana chai ilikuwa imenipalia. Mdogo wangu ndiye mke wake, na jioni ile walikuwa wameniita kwao nije niwaamue. Watu hufanya hivyo wakishachoka kugombana wawili, wakataka kugombana watatu.

Shemeji yangu ni mhudumu wa mochwari katika hospitali kubwa ya hapa kwetu. Mtaani wanamwita Baridi. Ukisikia mtu anauliza “Baridi yuko?” na jua linachoma mabati, ujue anatafutwa yeye. Ni mrefu, mpole, kucha zake fupi na safi kuliko za daktari wa meno. Kazi yake ni kupokea, kuosha, kunyoa, kuvalisha na kukabidhi, na anaifanya vizuri. Ubaya wa kazi ile ni kwamba anayejua umemtendea vizuri kiasi gani hawezi kusema.

“Sizungumzii wale waliolala,” alisema. “Nazungumzia ndugu zao. Wanakuja wanalia, wanachukua mtu wao kaoshwa, kanyolewa, kapendeza kuliko alivyokuwa mzima, wanaondoka. Daktari aliyeshindwa kumponya wanampa mkono. Dereva wa gari wanampa mkono. Mimi wananipita kama nguzo ya umeme. Hata mmoja. Hata wale ninaowajua.”

Akanitazama. Nikatazama ndani ya kikombe changu, nikaona majani ya chai yamekaa vizuri sana. Nilikuwa na sababu ya kuyatazama yale majani, nitaisema zamu yake ikifika.

“Kwa hiyo unataka kuacha kazi ya serikali kwa ajili ya neno moja,” mdogo wangu alisema.

“Moja tu. Sikuomba hotuba.”

“Utakula asante?”

“Mke wangu, ukinipa mkono sokoni watu wanakutazama wewe. Juzi fundi bomba alinipa kiwiko. Kiwiko. Yeye aliyekuwa ametoka kuzibua choo cha shule.”

Hapo nilishindwa, nikacheka mpaka nikashika ukuta. Lakini yeye alikuwa ameshakata shauri. Alikuwa na likizo aliyoilimbikiza, siku ishirini na nane. Alisema likizo ikiisha, Jumatatu asubuhi, atakuwa ama amepata kazi nyingine na kupeleka barua ya kuacha ile ya zamani, ama amerudi kule nyuma ya hospitali na hatamsumbua mtu tena kwa maneno yake.

“Watu wanabadilisha kazi kila siku,” alisema.

“Watu wana vyeti,” mdogo wangu akasema. “Wewe una ndoo na sabuni.”

Ukweli ni kwamba Baridi hajawahi kuchagua kazi maishani mwake. Hospitali ilimwajiri kijana akate majani. Siku moja mzee wa mochwari alishikwa na mgongo, akatoa kichwa mlangoni akaita, “We mwenye fyekeo, njoo unishikie miguu hapa.” Akashika miguu. Kesho yake akaitwa tena. Siku ya tatu akakuta fyekeo limepewa mtu mwingine. Mwisho wa mwezi karatasi ya mshahara ikasema “mhudumu”, basi akawa mhudumu. Hakuna aliyemuuliza unataka kuwa nani. Na yeye ni mtu wa namna hiyo. Ukimshikisha kitu, atakishika mpaka umwambie tua.

Kwa hiyo sasa, mtu mzima na mvi za masikioni, ndiyo kwanza anauliza njia.

Wa kwanza kumwendea alikuwa kaka yake, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye kustaafu kwake ni kwa karatasi tu. Ukikaa sebuleni kwake unajikuta umenyoosha mgongo. Alimsikiliza mdogo wake kwa dakika mbili, akazungumza kwa saa mbili.

“Kila mtu ana kipaji,” alimwambia. “Wewe kipaji chako nini?”

Baridi akafikiri. “Naweza kufumba macho ya mtu yakabaki yamefumba.”

“Kingine.”

“Naweza kumvalisha mtu suti bila yeye kusaidia.”

Mwalimu mkuu akavua miwani akaifuta. Akasema basi, mambo ya kipaji yasubiri, kwanza tuandike barua ya kuacha kazi, kwa kuwa barua anaijua. Akaandika barua ya kurasa mbili, yenye taadhima na unyenyekevu hata usijue kama mtu anaacha kazi au anaomba mchumba. Ilikosa tarehe tu. Baridi akaikunja akaitia mfuko wa shati, na pale ilikaa siku zote zile, ikichakaa kwenye mikunjo.

Wa pili alikuwa karani wa ofisi ya ajira, binti mdogo mwenye fomu ndefu. Mambo ya huko kanisimulia Baridi mwenyewe, na siwezi kusema aliongeza chumvi, maana mtu yule hata mbogani anasahau kuitia.

“Umewahi kuhudumia wateja?” binti akauliza.

“Miaka kumi na saba.”

“Kwa mwaka unapata malalamiko mangapi kutoka kwa wateja?”

“Hakuna.”

Binti akainua kichwa. Kwenye fomu kulikuwa na nafasi ya tarakimu mbili. “Hakuna hata moja?”

“Kutoka kwa wateja wenyewe, hakuna.”

“Vizuri sana. Na wateja wanaorudi?”

“Hakuna anayerudi.”

Kalamu ikasimama. “Hawalalamiki na hawarudi.”

“Ndivyo ilivyo.”

“Basi kuna mahali unakosea, baba yangu,” binti akamwambia kwa huruma. “Mteja akiridhika anarudi. Labda huongei nao.”

“Naongea nao sana.”

“Wanasemaje?”

Hapo ndipo alipofika kwenye mstari wa mahali pa kazi, akasoma, akarudi nyuma na kiti chake taratibu mpaka kikagusa kabati. Hata hivyo kazi ni kazi. Akapiga muhuri, akatoa karatasi ya ushauri, akaisukuma mezani kwa ncha ya rula. Karatasi ilisema mwombaji ana uvumilivu wa hali ya juu, anafaa kazi za kukutana na watu: mapokezi, mauzo, saluni.

Saluni. Baridi akaniletea ile karatasi mbio kama mwanafunzi aliyefaulu.

Na hapa lazima niseme kosa lilikuwa la nani. Lilikuwa langu. Mimi nina saluni, chumba cha nyuma cha wanawake na chumba cha mbele cha wanaume. Kinyozi wangu alikuwa amehamia ng'ambo ya barabara wiki ile ile, akaondoka na wateja wote na picha ya mitindo ya nywele. Kilichobaki ni kiti cha kuzunguka kilichozibwa viraka vya plasta, kioo kilichopasuka kona, na mashine ya kunyolea inayonguruma kama paka aliyekaliwa. Kiti kitupu kinaniuma kuliko jino. Nikamwambia, “Shemeji, mbona jambo jepesi. Kunyoa ni kunyoa. Umenyoa watu miaka kumi na saba, hakuna aliyesema umemkata.”

Ushauri wa mtu mwenye kiti kitupu usiuchukue. Mimi nimeujua ukweli huo nikiwa ndiye mshauri.

Mteja wa kwanza alikuwa msoma mita za maji, mtu mnene mwenye maneno, amekuja na mkewe. Akakaa. Baridi akamfunika kitambaa, akakinyoosha mikunjo yote mpaka kikalala sawa kama shuka la kitanda cha hoteli. Halafu akamgeukia mke, akainamisha kichwa kidogo.

“Una picha yake, mama?” akauliza kwa sauti ya chini. “Ya siku ya kawaida. Ya harusi hapana, watu siku ya harusi hawafanani na wao.”

“Picha ya nini?” msoma mita akasema. “Si mimi hapa?”

Baridi akashtuka. Akamtazama kwenye kioo kama mtu aliyesikia kabati likizungumza. Akamgeukia tena mke. “Nywele alikuwa anapenda kuzichana upande gani?”

“Alikuwa?” msoma mita akasema.

Mimi nilikuwa nyuma, mikono imejaa dawa ya nywele, kichwa cha mtu sinkini. Nikapaza sauti, “Shemeji, ongea na mwenye kichwa.” Akanyamaza, akaanza kunyoa. Na alinyoa vizuri, naapa sijaona mkono mwepesi namna ile. Tatizo msoma mita alikuwa anatikisika. Kila akitikisika Baridi anaacha, anarudi nyuma hatua moja, anangoja. Mara ya tatu akamshika kidevu kwa vidole viwili akakifunga, tok, kama unavyofunga pochi. Halafu akachukua pamba akamtia masikioni nywele zisiingie. Hayo nikasema sawa. Mkono ukarudi kwenye pamba, ukawa unaelekea puani.

“Shemeji,” nikasema.

Akaacha. Akamaliza. Akampangusa uso kwa kitambaa cha maji ya uvuguvugu, akamnyoosha nyusi, akamtengeneza kola. Mke akasema mwenyewe, “Kha, mume wangu, hujapendeza hivi tangu nikujue.” Ingeishia pale tungekuwa tunazungumza mengine leo. Lakini mkono ukizoea umezoea. Baridi akashika ncha za kile kitambaa, akakipandisha taratibu mpaka juu, akamfunika uso. Akasimama pembeni, mikono imekutana mbele, kichwa chini.

Saluni nzima kimya. Mpaka feni niliisikia.

Chini ya kitambaa ikatoka sauti ndogo. “Mama watoto. Nimekufa?”

Hakusema asante. Alitoka na pamba masikioni.

Habari katika mtaa wetu hazihitaji gazeti. Wiki ya kwanza hakuja mtu. Nikamkalisha Baridi, nikamfundisha. “Walio hai wanataka maneno. Waulize habari za nyumbani.” Akaitikia. Siku iliyofuata akaja seremala mmoja mgeni wa mtaa, hajui lolote. Baridi akamfunika kitambaa, akakohoa, akakumbuka somo.

“Familia imeshafika?” akamuuliza.

“Imefika wapi?” seremala akasema.

“Au wanangojwa wa mbali?”

Yule akashuka kitini, kichwa kikiwa kimenyolewa nusu. Ng'ambo ya barabara kinyozi wangu wa zamani akammalizia bure, na kwa wiki mbili nzima akawa anamsimulia kila aliyekaa kitini kwake.

Mteja mmoja tu alikaa mpaka mwisho bila tatizo. Mlevi. Aliingia saa nne asubuhi, akakaa, akalala, mdomo wazi. Baridi alimfanyia kazi ya saa nzima, amefurahi, anamsemesha chini chini, “Samahani mzee, nageuza kichwa kidogo. Hivyo hivyo. Uliumia wapi hapa? Pole.” Mlevi alipoamka akajitazama, akasema asante kwa sauti kubwa. Nikamwona Baridi anavuta pumzi. Bahati mbaya yule bwana aliisema ile asante akiitazama feni, akaipungia na mkono.

“Hiyo tuihesabu?” Baridi akaniuliza.

“Hiyo ni ya feni, shemeji.”

Siku zikaisha. Mdogo wangu alikuja kila jioni kumpitia mumewe, na kila jioni aliuliza, “Wangapi?” na kila jioni mimi nilijibu jambo lingine. Wateja wangu wa nyuma nao wakaanza kuingia kwa mlango wa uani. Ilipofika Ijumaa, siku tatu kabla ya Jumatatu yake, Baridi alikuwa ameketi mwenyewe kwenye kile kiti cha viraka, anajizungusha nusu kushoto, nusu kulia, barua imetokeza mfukoni.

“Naandika tarehe,” akasema. “Kazi sina, lakini kule nako sirudi. Afadhali nikate majani.”

“Fyekeo walishampa mtu,” nikamwambia. Mdomo wangu ndivyo ulivyo, unatoka kabla sijavaa viatu.

Saa tano akaingia mwanamke wa makamo, kitambaa kichwani, macho mekundu. Hakutazama kioo. Mwanamke akiingia saluni asitazame kioo, kuna jambo.

“Nimeambiwa yule wa mochwari yuko hapa,” akasema.

“Yuko likizo,” Baridi akamjibu akiwa kitini.

“Baba yangu alikuwa fundi viatu, pale karibu na posta. Tunamzika saa tisa. Tumekwenda kumwona asubuhi hii.” Akashika mlango. “Siye baba. Wamemchana nywele zote nyuma kama mtu anayegombea kura. Mdomo wameufunga umenyooka, amekasirika. Baba hakuwahi kukasirika, hata ukimletea kiatu kilichooza. Mdogo wetu wa mwisho amekataa kuingia tena. Anasema tumepewa mtu mwingine, watafute wa kwetu.”

“Nani kamtengeneza?”

“Kuna mmoja wamemtoa wodini kufagia.”

Baridi akafumba macho. Aliumia kama mpishi anayesikia ugali wake umepikwa na mgeni.

“Niko likizo,” akasema tena, lakini safari hii alikuwa anamwambia kiti.

Mwanamke akafungua mkoba. “Jirani aliniambia, ukienda kwake mpelekee picha ya siku ya kawaida. Hii haifai sana, yuko kazini na anacheka.”

Baridi akaipokea. Nikachungulia begani kwake. Mzee mwenye aproni ya ngozi, kiatu kimebanwa magotini, anacheka na mdomo una misumari.

“Misumari alikuwa anaiweka upande huu siku zote?”

“Kushoto. Tangu nimezaliwa. Hata akiongea na sisi ilikuwa mdomoni.”

“Ndiyo maana mdomo wake umevutika chini hapa,” Baridi akasema. “Huyu ukimnyooshea mdomo umemuua mara ya pili.” Akasimama. “Shemeji, naomba kitana cha meno mapana. Na ile draya ndogo, maana lazima wamempaka mafuta, nitaziosha upya.”

Draya yangu siazimishi, hata angekuja mama yangu mzazi kuiomba. Kwa hiyo nikawaacha wateja wawili na vichwa vyao vimefungwa, nikaikumbatia draya, nikawafuata. Nawaambia watu nilikwenda kulinda mali yangu.

Kule nyuma ya hospitali kuna njia ya saruji, halafu mlango mpana wa bati la kijani, halafu chumba cha vigae chenye mtaro katikati. Harufu ya dawa inakupiga kwanza kooni. Nilisimama mlangoni, mguu mmoja ndani. Mara ya mwisho niliposimama pale ilikuwa miaka saba nyuma, nami sikuwa na draya mkononi.

Mfagiaji aliyekaimishwa alipomwona Baridi alikabidhi ufunguo kabla hajaombwa. Baridi akavaa aproni, akanawa mpaka kwenye viwiko, akamsogelea yule mzee, akamfunua uso.

“Samahani, fundi,” akasema. “Ni mimi. Nilikuwa likizo, wamekufanyia mambo.”

Nikamsikiliza mtu ambaye kwangu alishindwa kumsemesha msoma mita. Alizungumza muda wote. Akimlowesha nywele anamwambia nakulowesha. Akitenga njia upande wa kushoto anamuuliza ni hapa au juu kidogo, anatazama picha, anasema aa, juu kidogo. Alimsimulia kuhusu kiti changu cha viraka, na mlevi, na feni. Akamwambia, “Na mimi viatu vyangu soli imeachia, tazama bahati yangu, nimekukuta umefunga duka.” Mimi nikashika draya aliponiambia shika, nikapuliza aliponiambia puliza, kwa mbali, macho nimeyapeleka dirishani. Mwishoni akaweka kidole gumba kwenye kona ya mdomo wa kushoto, akabonyeza kidogo, akangoja, akaachia. Akarudi nyuma. “Haya, fundi. Wanao wanakuja.”

Wakaja watano. Wa mwisho ni mwanamume mkubwa mwenye ndevu, yule aliyekataa, alisukumwa na dada zake. Akatazama. Halafu akasema, “Ni yeye. Kaweka misumari,” akacheka, na kicheko kikaharibika katikati.

Baridi alikuwa amesimama pembeni, mikono imekutana mbele. Nilimwona anangoja. Nadhani wakati ule kila mtu mle ndani aliyekuwa na macho angeona anangoja, lakini macho yao yalikuwa na kazi nyingine. Yule dada mkubwa akajifuta uso, akamgeukia. Nikasema moyoni, haya, hilo linakuja.

“Jeneza linapitia mlango gani?” akauliza.

“Huu mpana,” Baridi akasema.

Wakampitisha mlango mpana, wakaenda. Kule nje niliwaona wanampa dereva mkono, mmoja mmoja.

Baridi akafungua bomba, akaanza kunawa. “Umeona,” akasema bila kugeuka. “Nilidhani unadhani nasingizia.”

“Nimeona.”

“Watano. Nimewahesabu.” Akatikisa maji mikononi. “Jumatatu napeleka barua.”

Sasa zamu ya yale majani ya chai imefika. Mume wangu alianguka kwenye ngazi za jengo walilokuwa wanapaka rangi, na aliyempokea pale alikuwa Baridi. Mume wangu alikuwa na sharubu zisizolingana. Upande wa kulia alikuwa na kovu la utotoni, nywele hazikuota vizuri, kwa hiyo kila alipocheka upande ule ulipanda peke yake. Nilimsumbua miaka yote azinyoe, akakataa. Siku ile ya kumwona niliingia nimejiandaa kukuta mtu aliyesawazishwa, kama wanavyotoka wote, safi, si wako. Nikazikuta sharubu zake vile vile, kombo, zimechanwa kombo. Nikamjua. Nikatoka, nikamshukuru daktari. Nikamshukuru dereva. Nikampita shemeji yangu mlangoni kama nguzo ya umeme. Baadaye nikasema nitamwambia kesho, na kesho ikawa na mambo yake, na neno likikaa sana mdomoni linakuwa zito, unaona haya kulitoa. Miaka saba nimekula mezani kwake.

“Shemeji,” nikasema. “Zile sharubu.”

Akafunga bomba. Hakuuliza sharubu zipi.

“Wembe nilishaushika,” akasema. “Nilitaka kuzisawazisha, ndivyo mzee alivyonifundisha. Halafu nikakumbuka harusi yangu, alivyokuwa ananicheka nimekanyaga shela ya mdogo wako. Upande ule ulivyopanda. Nikamwambia, ‘Basi kaka, kaa hivyo hivyo.’”

“Nilipaswa kukuambia siku ile ile.”

“Kuniambia nini?”

Mtu mpole naye ana ushenzi wake. Alijua, na alitaka nilitamke lote. “Asante,” nikasema.

“Sijasikia, maji yalikuwa yanapita.”

“Bomba umelifunga zamani, mjinga wewe. Asante. Asante kwa mume wangu.”

Nikampa mkono. Sikumpa kiwiko wala ncha za vidole. Mkono wake ulikuwa na maji na baridi ya kweli, akaushika wangu akakaa nao muda mrefu, nami nikauacha, ingawa ule mwingine ulikuwa unakufa ganzi kwa uzito wa draya.

Kisha akaketi kwenye meza ndogo ya daftari la kupokelea, akatoa ile barua ya kaka yake mfukoni, kurasa mbili za taadhima, akazigeuza upande mweupe. Akaandika kwa herufi kubwa, polepole, akaibandika ukutani mahali mfagiaji angeiona mwisho wa wiki: OMBA PICHA. YA SIKU YA KAWAIDA. USINYOOSHE KITU MPAKA UULIZE.

“Na Jumatatu?” nikamuuliza.

“Jumatatu narudi kazini, nione kama imefuatwa.” Akavua aproni, akaitundika. “Ila usimwambie mdogo wako ilinichukua asante moja tu. Mwambie zilikuwa nyingi.”

“Nitamwambia mbili,” nikasema. “Nimesema mara mbili.”

Akafikiri, akakubali. Tukatoka kwa ule mlango mpana, kule saluni wateja wangu wakiwa bado wamefungwa vichwa, na safari ile draya alinibebea yeye.